Nasaba ya Lugha za Alor na Pantar: Uhakiki wa Ushahidi

Swali la nasaba ya lugha ni mojawapo ya maswali ya kale katika taaluma ya isimu, na pia ni mojawapo ya yale yanayojibiwa kwa wepesi kuliko yanavyostahili. Mwanafunzi anapoonyeshwa mchoro wa mti wenye shina na matawi, huelekea kuuamini kana kwamba ni ramani iliyopimwa kwa kamba. Ni mara chache anapouliza kila tawi limeshikiliwa na nini: je, ni uwiano wa sauti wenye utaratibu, au ni maneno machache yanayofanana, au ni viwakilishi vya nafsi peke yake? Kitabu kilichohaririwa na Marian Klamer na kutolewa Berlin mwaka 2014 kwa jina la *The Alor-Pantar Languages: History and Typology* kinafaa kusomwa kwa sababu hiyo hasa. Sura zake za kihistoria zinazihusu lugha za visiwa vya mbali, lakini suala linalozungumzwa humo ni la kila mtu anayefundisha isimu-linganishi: ushahidi wa kiasi gani unatosha kusema kwamba lugha mbili ni ndugu?

Alor na Pantar ni visiwa viwili vya Indonesia, kaskazini ya kisiwa cha Timor. Humo husemwa lugha zipatazo ishirini ambazo si za ukoo wa Kiaustronesia, ilhali pande zote zimezungukwa na lugha za ukoo huo. Hata pwani za visiwa hivyo zina wasemaji wa Kialor, ambacho ni cha Kiaustronesia. Miongoni mwa lugha zinazojadiliwa kitabuni ni Kiteiwa cha Pantar, pamoja na Kiabui, Kikamang na Kiwersing za Alor. Nazo zina jamaa katika Timor yenyewe: Kibunaq katikati ya kisiwa, Kimakasae, Kimakalero na Kifataluku upande wa mashariki, na Kioirata katika kisiwa kidogo cha Kisar. Zote kwa pamoja huitwa lugha za Timor-Alor-Pantar.

Lugha hizi huwekwa katika fungu la lugha za Kipapua. Jina hili halina budi kuelezwa kwanza, maana limewapotosha wengi. "Kipapua" si jina la ukoo. Ni jina la mabaki: lugha za Guinea Mpya na visiwa vya jirani ambazo hazimo katika ukoo wa Kiaustronesia wala katika koo za Australia. Kuiita lugha ya Kipapua ni kusema isivyokuwa, wala si kusema ilivyo. Wasomi wa Afrika Mashariki wanalo jambo la kulinganisha na hilo karibu nao. Jina la Khoisani liliwahi kuzibeba pamoja lugha za kusini mwa Afrika na Kihadza na Kisandawe za Tanzania, hasa kwa sababu zote zina vidoko. Leo wataalamu wengi hawakubali kwamba vidoko pekee vinatosha kuwa cheti cha kuzaliwa, na Kihadza huhesabiwa na wengi kuwa lugha isiyo na ndugu anayejulikana.

Historia ya kuziainisha lugha za Timor-Alor-Pantar yafaa kutazamwa kwa ufupi, maana ndani yake mna funzo. Mwaka 1944 A. Capell alichapisha uchunguzi wake wa watu na lugha za Timor katika jarida la *Oceania*, akazitenga baadhi ya lugha za kisiwa hicho na zile za Kiaustronesia. Mwaka 1971 Joseph Greenberg alitoa nadharia yake ya Indo-Pasifiki, iliyozikusanya lugha zote za Kipapua pamoja na za visiwa vya Andaman na za Tasmania. Kisha mwaka 1975 likatokea jambo la ajabu kidogo. Katika kitabu kimoja kikubwa kuhusu lugha za eneo la Guinea Mpya, kilichohaririwa na S. A. Wurm, lugha hizi zinapewa nasaba mbili. Capell anazitia katika kundi la Papua ya Magharibi. Wurm na wenzake Voorhoeve na McElhanon wanazitia katika kundi kuu la Trans-New Guinea. Kitabu ni kimoja, lugha ni zile zile, na mababu ni wawili.

Tofauti hiyo haikutokana na uzembe wa mtu. Ilitokana na aina ya ushahidi. Ikiwa kinachotazamwa ni kufanana kwa maneno machache na sifa za sarufi, kama vile kitenzi kukaa mwishoni mwa sentensi na mmiliki kutajwa kabla ya kinachomilikiwa, basi mizani huweza kulalia upande wowote. Sifa za namna hiyo huenea kutoka lugha hadi lugha kwa ujirani. Mtaalamu anayezitumia kuthibitisha undugu anafanana na mtu anayesema kwamba majirani wawili ni ndugu kwa sababu wameezeka nyumba zao kwa makuti.

Hapa jina la Greenberg linastahili kusimamiwa kidogo, maana kwa wasomaji wa Afrika si jina geni. Uainishaji wake wa lugha za Afrika wa mwaka 1963 umefundishwa katika vyuo vingi vya bara hili, na mengi katika huo yamesimama, ingawa si yote. Fungu la Khoisani lililotajwa hapo juu ni mojawapo ya yale yaliyotikisika. Njia aliyoitumia Afrika, yaani kulinganisha maneno ya lugha nyingi kwa pamoja bila kuanza na uwiano wa sauti, ndiyo aliyoitumia pia kwa Indo-Pasifiki. Huko haikukubaliwa na wataalamu wa eneo hilo. Kwa hiyo msomi hawezi kusema kwamba njia hiyo ni sahihi kwa kuwa ilifaulu Afrika, wala kwamba ni batili kwa kuwa ilishindwa Papua. Linaloweza kusemwa ni kwamba njia hiyo huzaa makisio, na makisio yanahitaji kuthibitishwa kwa njia nyingine.

Njia hiyo nyingine ndiyo iliyofuatwa na waandishi wa sura za kihistoria za kitabu hiki. Msingi wake uliwekwa mwaka 2012, pale Gary Holton, Marian Klamer, František Kratochvíl, Laura Robinson na Antoinette Schapper walipochapisha katika jarida la *Oceanic Linguistics* ulinganisho wa lugha kumi na mbili za Alor na Pantar. Hawakuuliza kwanza maneno gani yanafanana. Waliuliza sauti gani ya lugha hii hulingana na sauti gani ya lugha ile, tena na tena, katika maneno tofauti.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha nguvu ya swali hilo. Katika Kiteiwa kiambishi awali cha nafsi ya kwanza umoja ni na-, cha pili ni ha-, na cha tatu ni ga-. Katika Kiabui cha kwanza ni na-, cha pili ni a-, na cha tatu ni ha-. Mtu anayelinganisha kwa macho ataona ha- pande zote mbili na kusema: hapa pana neno moja, ila maana imehama kutoka nafsi ya pili hadi ya tatu. Atakuwa amekosea. Katika Kiabui sauti g ya lugha mame imekuwa h, na h ya lugha mame imepotea. Basi ha- ya Kiabui ni ndugu wa ga- ya Kiteiwa, na a- ya Kiabui ni ndugu wa ha- ya Kiteiwa. Maana haikuhama hata kidogo. Zilizohama ni sauti. Viambishi vinavyofanana si ndugu, na vilivyo ndugu havifanani. Kibunaq cha Timor nacho kinaushuhudia utaratibu huo: nafsi ya kwanza ni n-, ya tatu ni g-, na ya pili haina alama yoyote. Mwalimu anayetafuta mfano wa kuwaonyesha wanafunzi wake kwa nini kufanana hakutoshi hahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo.

Mfano wa pili una mafumbo zaidi, na ndipo uhodari wa kazi hii unapoonekana. Nguruwe katika Kiteiwa ni bai, na katika Kiabui ni fe. Popoo katika Kiteiwa ni bui, na katika Kiabui ni fu. Uwiano wa b na f mwanzoni mwa neno ni dhahiri, na waandishi wanayarudisha maneno yote mawili katika lugha mame. Lakini maneno hayo yenyewe yaelekea kuwa ya mkopo kutoka lugha za Kiaustronesia. Je, hayo hayauharibu ushahidi? Hayauharibu, yanaueleza. Uwiano wa sauti hauthibitishi kwamba neno ni la asili. Unathibitisha kwamba neno lilikuwamo kabla ya sauti kubadilika. Mkopo ulioingia katika lugha mame hurithiwa na watoto wote kama mali nyingine yoyote ya nyumba. Zaidi ya hayo, mkopo huo unatoa fununu ya wakati: ikiwa lugha mame ya Alor-Pantar ilikuwa imekwisha kuazima kutoka kwa Waaustronesia, ambao walifika eneo hilo takriban miaka elfu tatu iliyopita, basi kugawanyika kwake hakuwezi kuwa kwa kale zaidi ya hapo. Hivyo neno la mgeni linaeleza umri wa mwenyeji.

Suala la mikopo si geni kwa wasomi wa Kiswahili. Kiswahili kinahesabu sita, saba na tisa kwa maneno ya Kiarabu, na wingi wa mikopo ya namna hiyo uliwahi kuwafanya watu kadhaa wakitilie shaka Ubantu wake. Shaka hiyo ilijibiwa kwa ngeli za majina, kwa viambishi vya vitenzi, na kwa uwiano wa sauti kati ya Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu. Katika Timor ya Mashariki jambo hilo hilo lilitokea. Kifataluku husema lime kwa tano, neme kwa sita na fitu kwa saba, na maneno hayo ni ya Kiaustronesia. Kiabui kwa upande wake kimehifadhi talaama kwa sita, neno lisilogawanyika, na saba yake huundwa kwa tano na mbili. Lau mtu angeziainisha lugha kwa hesabu peke yake, angewatenganisha Kiabui na Kifataluku, akampa huyu wa pili baba asiye wake.

Baada ya kuuthibitisha undugu wa ndani, kitabu kinageukia swali gumu zaidi: ukoo huu mzima una ndugu gani nje? Hapa Holton na Robinson wanazipima nadharia zilizotangulia moja baada ya nyingine, ikiwamo ile ya Trans-New Guinea. Nadharia hiyo ilikuwa imepata nguvu mpya mwaka 2005, pale Malcolm Ross alipozipanga lugha za Kipapua kwa kutumia viwakilishi vya nafsi. Ross anairudisha *na kwa nafsi ya kwanza na *ga kwa nafsi ya pili katika lugha mame ya Trans-New Guinea. Na- ya Alor-Pantar yalingana na ya kwanza. Lakini ga- ya Alor-Pantar ni ya nafsi ya tatu, si ya pili. Na ya pili ni ha-.

Kiwakilishi ni shahidi mwenye sifa mbili zinazopingana. Kwa upande mmoja, si rahisi kukiazima. Kwa upande mwingine, ni kifupi mno, na sauti zake ni zile zinazopatikana karibu kila lugha ulimwenguni. Kiswahili chenyewe kina ni- kwa nafsi ya kwanza, na hakuna aliyewahi kudai kwa sababu hiyo kwamba Waswahili ni ndugu wa watu wa Guinea Mpya. Ross mwenyewe aliita kazi yake kipimo cha awali, na jina hilo ni la haki. Kosa ni la wale waliokigeuza kipimo cha awali kuwa hukumu ya mwisho na kukitia katika michoro ya vitabu vya kiada bila alama ya kuuliza.

Hukumu ya Holton na Robinson ni kwamba ushahidi wa msamiati hautoshi, na kwamba kwa wakati huo lugha za Timor-Alor-Pantar zihesabiwe kuwa ukoo usio na ndugu aliyethibitishwa. Hukumu hiyo ndiyo sifa kubwa ya kitabu. Ni rahisi kwa mtaalamu kukisia babu mkubwa na jina lake likakumbukwa. Ni vigumu kwake kusema "haijathibitishwa" na kukiacha kisanduku kikiwa kitupu. Hata hivyo tahadhari moja inahitajika. "Ukoo usio na ndugu" ni maneno yanayoweza kusomwa kana kwamba ni ugunduzi, yaani kwamba imethibitishwa kuwa ndugu hawapo. Hayo sayansi haiwezi kuyathibitisha. Kinachosemwa ni kwamba cheti hakijapatikana, si kwamba mtoto hakuzaliwa.

Na kwa kweli cheti kiliendelea kutafutwa. Mwaka 2022 Timothy Usher na Antoinette Schapper walichapisha katika *Oceanic Linguistics* hoja ya ukoo wanaouita Greater West Bomberai, unaoziunganisha lugha za Timor-Alor-Pantar na lugha za rasi ya Bomberai, magharibi ya Guinea Mpya, zikiwamo Kiiha, Kimbaham na Kikalamang. Inafaa kuangalia viwakilishi vya Kikalamang, lugha yenye wasemaji wachache mno katika visiwa vya Karas. "Mimi" ni an, "wewe" ni ka, "nyinyi" ni ki. "Sisi", ikiwa anayesemezwa amehesabiwa ndani, ni pi. Katika lugha mame ya Alor-Pantar, "wewe" ni *ha-, "nyinyi" ni *hi-, na "sisi" ya namna hiyo hiyo ni *pi-.

Ushahidi huu ni wa daraja ya juu kuliko ule wa na- peke yake, kwa sababu mbili. Kwanza, pi ina maana finyu, na hatari ya kukutana kwa bahati ni ndogo zaidi. Pili, k ya Kikalamang inalingana na h mara mbili katika nafasi mbili za jedwali moja, nao huo ni mwanzo wa uwiano. Lakini ni mwanzo tu. Nafsi ya tatu ya Kikalamang ni ma, na hiyo hailingani na *ga-. Isitoshe, uwiano wa k na h hauna budi kuonekana pia katika majina na vitenzi, nje ya viwakilishi. Usher na Schapper wanaleta msamiati na sauti zilizolinganishwa, na kwa hiyo hoja yao inastahili kupimwa kwa mizani ile ile iliyotumiwa kuipima ya Trans-New Guinea, wala si kwa mizani nyepesi kwa kuwa inapendeza. Umbali wa bahari kati ya Bomberai na Alor si kizuizi. Wala si ushahidi.

Kitabu cha Klamer hakikosi upungufu. Upungufu wa kwanza ni katika matawi ya ndani. Waandishi wenyewe wanakiri kwamba mabadiliko mengi ya sauti waliyoyapata ni ya kawaida duniani, na kwa hiyo huweza kutokea katika lugha mbili kila moja kivyake. Pamoja na hayo msomaji anapewa michoro, mingine iliyochorwa kwa kompyuta kutokana na orodha za msamiati, na michoro ina tabia ya kukumbukwa kuliko tahadhari iliyoandikwa chini yake. Katika visiwa ambamo vijiji huoana na watu huzungumza lugha mbili tatu, mabadiliko huenea kama mawimbi, na wimbi halina matawi.

Upungufu wa pili ni wa data. Msamiati uliorudishwa katika lugha mame ni takriban maneno mia moja, na sehemu ya data imetoka katika orodha za maneno, si katika kamusi kamili. Ukilinganisha na hazina ya Kibantu iliyokusanywa kwa vizazi kadhaa, hicho ni kibaba. Upungufu wa tatu ni kwamba upande wa Timor umepewa nafasi ndogo kuliko ule wa Alor na Pantar. Sura inayoziunganisha pande hizo mbili, iliyoandikwa na Schapper, Huber na van Engelenhoven, inajiita yenyewe uthibitisho wa awali, nayo inastahili kuchukuliwa hivyo.

Upungufu huo hauwezi kuondolewa na mtu aliyeketi maktabani. Unahitaji kamusi na masimulizi yaliyokusanywa kwa wenyeji wenyewe, na muda unazidi kupungua. Alor na Pantar, watoto wengi hulelewa kwa Kimalei cha Alor na kufundishwa kwa Kiindonesia shuleni. Lugha inapokufa kabla ya kuandikwa, si wasemaji wake tu wanaopoteza. Lugha ndugu zake zote hupoteza shahidi. Uwiano unaohitaji maneno kumi ili usimame utabaki na manne, na makisio yatabaki makisio milele.

Kwa idara za lugha za Kiafrika, kitabu hiki kina faida isiyotegemea hamu ya mtu kuhusu Indonesia. Kinafaa kutumiwa darasani pamoja na uainishaji wa lugha za Afrika ili kumwonyesha mwanafunzi kwamba madai ya undugu yana madaraja. Daraja la kwanza ni kufanana. La pili ni jedwali la viwakilishi. La tatu ni uwiano wa sauti unaorudia katika msamiati wa kawaida. La nne ni mabadiliko ya pamoja yasiyoweza kutokea kwa bahati. Undugu wa Kiteiwa na Kiabui umesimama katika daraja la tatu. Undugu wa ukoo wao na Trans-New Guinea haujavuka la pili. Mti unaoyachora madai hayo mawili kwa mstari wenye unene mmoja unamdanganya msomaji, hata kama kila jina lililoandikwa juu yake ni sahihi. Lingekuwa jambo la manufaa iwapo michoro ya nasaba za lugha za Afrika nayo, hasa ile ya makundi makuu, ingechorwa upya kwa kanuni hiyo: mstari mzito palipo na uwiano wa sauti, mstari mwembamba palipo na viwakilishi tu, na nafasi tupu pale ambapo bado hapajathibitishwa kitu.